Mteremko

Fundi Lushinge hakuniuliza jina.
Aliuliza choo kiko wapi,
akachungulia, akatema mate pembeni,
akasema, "Hapa tunashuka mita arobaini na mbili.
Mavi hayapandi mlima, mama.
Ukikosea kipimo yanarudi kwa mwenyewe."

Alikuja na mpira mwembamba uliojaa maji.
Ncha moja nikaishika mimi, mlangoni,
ya pili akashuka nayo yeye hadi kwenye mwamba,
tukasimama hivyo kama watu wanaogombea kamba
tukingoja maji yatulie.
Sentimita mbili kwa kila mita. Si zaidi, si pungufu.

Igogo ni mawe, nani asiyejua.
Jiwe la tatu lilikataa tindo, likakataa nyundo kubwa,
likavunja mpini wa sululu.
Wakalirundikia magunzi na tairi bovu,
wakawasha saa nne usiku, mtaa mzima ukakohoa,
alfajiri wakalimwagia ndoo tatu za maji baridi.
Likapasuka kwa sauti ndogo,
kama mtu anayeguna usingizini.

Watoto walishangilia.
Mimi nilikuwa nautazama uwanja wa Nyanjige.

Maana bomba halikuwa na njia nyingine.
Kushoto mwamba mkubwa kama kanisa,
kulia nyumba ya Magesa imeng'ang'ania ukingo,
na katikati uwanja wake, banda lake la kuku,
turubai lake la dagaa.
Mtendaji alinipa fomu:
kila jirani anayepitiwa na bomba, atie sahihi.

Niseme? Nitasema.
Miaka tisa, kila masika,
mvua ikishapiga mabati kiasi cha kumeza sauti,
nilitoka na koleo, kanga kichwani,
nikazibua lile tundu la ubavuni
nikatapisha choo.
Kila mtu anatapisha, nilijiambia.
Maji yalibeba. Asubuhi nilikunywa chai,
ziwa linang'aa kule chini kama halikusikia lolote.
Na Nyanjige alifagia,
akamwaga majivu, akafagia tena.
Hakuwahi kupanda kuuliza.
Mwaka ule wa kipindupindu
mjukuu wake Kwilasa alilazwa siku sita.
Nilipeleka uji.
Nilipeleka uji, jamani,
kwenye chupa ya chai yenye maua.

Nikashuka na fomu Jumapili jioni.
Alikuwa anachambua dagaa, hakuinua uso.
Nikaeleza: bomba la inchi nne, la plastiki,
litafukiwa, hutaliona, halitanuka,
linakwenda kuungana na lile kubwa la mtaa.
Nilieleza sana. Nilieleza hadi kiwiko na gundi.
Akaniacha nimalize.

"Mavi yako nayajua," akasema.
"Yamepita hapa miaka tisa bila hodi.
Leo ndiyo mara ya kwanza yanabisha."

Akafuta kidole gumba kwenye gauni,
akakigandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi.
Fomu ninayo. Katikati ya dole
kimenasa kigamba kimoja cha dagaa.

Sikuomba msamaha.
Nililitafuta neno ngazi zote za kupanda,
likanijia nikiwa nimeshafika mlangoni
na yeye ameshaingia ndani.

Siku ya majaribio Lushinge alitumbukiza ndimu
kwenye chemba ya juu, akanipa ishara.
Nikamwaga ndoo.
Tukanyamaza. Udongo ulikuwa umesawazishwa,
kuku wanauchakura, hakuna cha kuona,
nikawa naifuata kwa kichwa tu:
kona ya Magesa, lile jiwe lililoguna, banda la kuku.

Chini mfuniko wa chemba ukaburuzwa.
"Imefika!" Sauti yake.
"Imefika nzima!"
Kisha kimya, kirefu kidogo,
nimesimama na ndoo tupu mkononi.

"Haya," akaita. "Mwaga nyingine."